Mchanga Ndani ya Ndoo Yangu

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita nitawasogeza haraka, maana hasira niliyonayo haisubiri mtu.

Mke wangu alifariki. Viti vya waombolezaji vikiwa bado uwanjani, Mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa alinijia, akavuta kimoja, akakaa karibu na sikio langu. Akanieleza mpango wake. Ng'ombe wa wanachama wote waingie zizi moja, mavi yao yaingie kwenye mtambo, mtambo utoe gesi, gesi iendeshe jenereta, jenereta liwashe kompyuta, na kompyuta zichimbe sarafu za mtandaoni. Tutakuwa matajiri tukiwa tumelala.

Mimi nilikuwa nalia. Mtu anayelia hukubali lolote ili aachwe alie. Nikamtoa Kidoti.

Kidoti ni ng'ombe wa marehemu. Alimnunua akiwa ndama kwa pesa ya cherehani, na siku zake za mwisho aliniambia waziwazi kwamba ng'ombe huyo ni wa binti yetu, mimi ni mchungaji tu. Wiki iliyopita nilikwenda kumdai. Nikaambiwa langoni kwamba Kidoti sasa ni hisa, na hisa haifungwi kamba ikaburutwa nyumbani. Nikarudi kulala na matusi yangu.

Yaliyotokea asubuhi iliyofuata ndiyo haya.

Nilikuta lori la bucha limeegeshwa langoni mwa zizi, ubao wa nyuma umeshushwa, dereva anachokonoa meno. Ndani, wanachama walikuwa wamelizunguka shimo la mtambo kama watu waliokuja kutazama ajali.

Kilichonishtua ni ukimya. Kwa kawaida mahali pale huwezi kusikia hata jina lako. Wanaita kuchimba, na siku ya kwanza nilipoingia chumba cha mashine nilitafuta jembe. Nikaona rafu za masanduku ya chuma yanayonguruma, feni zimejaa ukutani, joto la kuokea mkate, na mtaalamu wa kompyuta amekaa tumbo wazi anakunywa soda. Hakuna aliyekuwa anachimba kitu. Lakini kelele zilikuwepo. Asubuhi ile niliwasikia hata nzi.

Gesi ilikuwa imekwisha.

Kwa siku kadhaa jenereta lilikuwa linakohoa, mashine zinazimika moja moja. Fundi wa mtambo akafungua mfuniko, akanyonya uji wote wa mavi kwa pampu ya mkono. Chini akakutana na mchanga. Mchanga uliojishindilia mpaka nusu ya shimo, mgumu kama sakafu. Pale ambapo mavi yalitakiwa kukaa, yachachuke, yatoe gesi, palikuwa pamekaliwa.

Mwenyekiti akapanda juu ya kreti la maziwa. Bwana huyu hawezi kusema neno akiwa amelingana na watu. Tena hasemi mavi, anasema malighafi. Akatangaza kwamba malighafi yetu imehujumiwa. Bei ya sarafu imepanda, dunia nzima inavuna, na sisi mashine zetu zimelala kama maiti. Kisha akatoa hukumu kabla ya kesi: ndoo zote zitapimwa mbele ya kila mtu, na ng'ombe wa mhujumu mkuu atapanda lile lori, auzwe bucha, pesa ifidie ushirika.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya ndoo.

Zamani mavi yalikuwa bure. Marehemu aliyazoa kila asubuhi. Mengine aliyatia kwenye mtambo mdogo nyuma ya jiko letu, yakatupa moto wa kupikia, mengine yakaenda shambani. Hatukununua kuni wala mbolea. Siku Mwenyekiti alipoyapa bei, ndipo yalipotuletea umaskini. Sasa nanunua kuni, nanunua mbolea, na mavi yangu yanaunguza masanduku ya chuma yasiyokunywa hata chai.

Utaratibu wake ulikuwa huu. Kila mwanachama azoe nyuma ya ng'ombe wake, apeleke ndoo kwenye mizani, apewe vijisenti vya kujikimu kwa kila kilo. Faida yenyewe ilikaa kwenye pochi ya mtandaoni isiyoshikika, inayofunguliwa na maneno ya siri aliyoyajua Mwenyekiti peke yake. Tukiuliza, tuliambiwa bei imeshuka, tusubiri ipande. Ikipanda, tuliambiwa tusiuze, itapanda zaidi.

Mimi nilikataa kuzoa. Nilisema siwezi kuinama mbele ya wezi. Shemeji yangu, mdogo wa kike wa marehemu, akawa anazoa kwa niaba yangu, kwenye ndoo yangu ya bluu yenye mpini wa waya.

Basi Fundi akaleta beseni, pipa la maji na ndoo za asubuhi ile, zilizokwisha kupita mizani. Kazi yenyewe rahisi. Unamimina mavi kwenye beseni, unakoroga na maji mengi, unaacha yatulie, unamwaga taratibu. Mavi yanaondoka na maji. Kinachobaki chini ni tabia yako.

Ya kwanza ilikuwa ya kinyozi. Mchanga ukabaki, wa kujaza viganja viwili. Kinyozi akakuna kichwa chake, akasema ng'ombe wake ana mazoea ya kulamba ardhi. Ikaja ya muuza mitumba: mchanga na kokoto. Huyu angalau hakusingizia ng'ombe. Akasema ukileta mavi matupu mahali pale, mizani inakucheka.

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa sijacheka tangu msiba. Nikamuuliza kinyozi kama ng'ombe wake halambi na saruji. Nikamwambia muuza mitumba kwamba kokoto zake zingetosha kumjengea jirani ukuta. Nikawaambia wote kwamba mke wangu alikufa akiwa msafi na mimi nitakufa msafi, waje wachungulie ndoo yangu wajifunze.

Binti yangu alikuwa amefika wakati huo. Alisimama kando ya lori, futi yake ya kushonea bado iko shingoni. Hakucheka.

Fundi alipoinua ndoo ya bluu, akayumba.

Alipomwaga maji, hakukubaki mavi ya kumlisha hata mende. Ulikuwa mchanga mtupu, umepakwa mavi juu kama mkate uliopakwa siagi.

Sasa wao ndio wakacheka. Kinyozi alicheka mpaka akakaa chini.

Nikamgeukia shemeji. Nilimwita kwa sauti ndogo.

"Shemeji. Hii ni nini?"

"Ni mchanga, shemeji. Kwani huoni?"

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Aibu ulikuwa nayo kabla yangu," akasema, wala hakushusha macho. "Ndoo yako ilikuwa nyepesi kama kofia. Ng'ombe mmoja, tena mwenye mimba, analishwa majani makavu ya Mwenyekiti, atoe mavi gani? Wewe ulikuwa unarudi nyumbani na matusi tu. Matusi hayapikiki. Yule binti ni damu ya dada yangu, na anakula. Hapa kila mtu alikuwa anatia mchanga. Mimi nilitia kama mtu mwenye sababu."

Nikamgeukia aliyestahili.

Nikamwambia Mwenyekiti mbele ya wote kwamba mchanga ule aliutia yeye. Marehemu alilisha mtambo wake miaka na miaka, hakutia hata punje, kwa sababu angemdanganya nani, jiko lake? Aliyeleta mizani ndiye aliyeleta mchanga. "Ungelipia gesi, ungepata gesi," nikamwambia. "Umelipia uzito, umepewa uzito."

Watu wakanong'ona. Mwenyekiti akatabasamu, tabasamu lile la kumtazama mtoto aliyejikojolea.

"Mzee, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale nilipomtambua mwizi."

"Vizuri. Na mwizi wa leo ana ndoo ya bluu."

Kicheko kikamfuata yeye. Ndivyo walivyo. Mtu anawanyonya mpaka mifupa inalia, lakini akiwachekesha kidogo wanamsamehe.

Wakamtoa Kidoti zizini. Tumbo lilikuwa limeshuka, linayumba kila hatua, kiwele kimeanza kujaa. Dereva wa lori akamtazama akauliza kama hata huyu mwenye mimba. Mwenyekiti akamjibu kwamba nyama ni nyama.

Wakati huo mtaalamu wa kompyuta akachomoza mlangoni, akalalamika kwamba bei bado inapaa na sisi tunashangaa ng'ombe. Mwenyekiti akakitazama chumba cha mashine, akalitazama shimo, akanitazama mimi. Nikaona wazo likimpanda usoni kama jasho.

Akasema yeye si katili. Akaniambia nina njia ya kumwokoa ng'ombe wangu. Mchanga ni wangu, basi niushukie niutoe. Nikimaliza, Kidoti anarudi nyumbani, na kesi imekwisha. Kamba ataishika yeye mwenyewe, ili nisije nikasema sikuheshimiwa.

Fundi wa mtambo akaruka hapo hapo. Akaeleza kwamba shimo lile lina hewa chafu, isiyoonekana, mtu anavuta pumzi mbili anaanguka bila hata kupiga kelele. Liachwe wazi siku kadhaa, lipulizwe na feni, ndipo mtu ashuke.

"Feni zimejaa kule ndani," akasema.

"Umeme?" akauliza Mwenyekiti.

"Kuna jenereta dogo la dizeli stoo."

"Dizeli inakula faida."

Nimewanukulia maneno hayo kama yalivyosemwa, msije mkadhani naongeza chumvi. Shimo la kufukia watu liko wazi, na bwana mkubwa anahesabu dizeli.

Fundi hakukubali mtu ashuke bila kujaribu hewa. Akamkamata kuku aliyekuwa anachakura uwanjani, akamtia kwenye kikapu, akamshusha kwa kamba. Tukasubiri kidogo. Alipomvuta, kuku alikuwa amelala ubavu, shingo imelegea.

Mwenyekiti akamgusa yule kuku kwa ncha ya kiatu.

"Huyu alikuwa na mdondo."

Mlinzi wa lango, mwenye kuku, akasema ametaga asubuhi hii hii. Mwenyekiti akamwambia hata wagonjwa huzaa.

Akaagiza turubai. Wanaume wanne wakalipepea juu ya mdomo wa shimo, juu chini, juu chini, mpaka mikono ikawaishia nguvu. Akaletwa kuku wa pili. Huyu alitoka hai, akashuka kikapuni akitembea upande upande kama mlevi anayetafuta mlango wake.

"Mnaona," akasema Mwenyekiti. "Salama kabisa."

Fundi akakusanya spana zake kwenye mfuko. Akasema yeye hakuajiriwa kuua mtu, na kama wanataka kuua waue bila yeye. Akatoka langoni bila kugeuka. Nilimchukia kwa kuondoka, lakini hata mimi ningeondoka.

Nikabaki nimelitazama lile shimo. Mdomo wake si mkubwa kuliko mdomo wa pipa. Harufu inayotoka ni ya mayai yaliyooza, kisha baada ya muda huisikii tena, na Fundi alikuwa amesema ukiacha kuisikia ndipo uogope.

"Haya, mzee," Mwenyekiti akaninyooshea ncha ya kamba. "Mdomo unao, tuone na mikono."

Nikafikiria mengi kwa muda mfupi. Nikamfikiria marehemu alivyoninyooshea kidole: mchungaji tu. Nikamfikiria binti, na cherehani, na nyumba yetu yenye mtu mmoja pungufu. Nikaona mimi nikitolewa mle ndani kama yule kuku, na bwana huyu akisimama juu ya kreti lake kueleza kwamba nilikuwa mgonjwa tangu zamani.

"Mpandisheni," nikasema.

"Nani?"

"Ng'ombe. Mpandisheni lorini. Mimi si kuku. Binti yangu amezika mtu mmoja mwaka huu, simpi kazi ya kuzika wa pili."

Lilikuwa neno la kwanza la akili nililowahi kutamka katika uwanja ule, na nililisema kwa uchungu wa kung'oa jino. Nikawapa mgongo. Nikaenda pale alipo Kidoti nikamshika sikio, lile lenye alama nyeupe. Dereva na mwenzake walikuwa wanamsukuma kwa nyuma, naye amekaza miguu ya mbele, hataki ubao. Nikamwambia maneno ambayo hayaandikwi gazetini.

Nyuma yangu zogo likakatika ghafla.

Nikageuka. Futi ya kushonea ilikuwa imetundikwa kwenye mpini wa pampu. Binti yangu alikuwa amesimama ukingoni mwa shimo, anajifunga kamba kiunoni, fundo juu ya fundo, kama mtu anayejifunga kanga asubuhi. Mkononi ana koleo la mpini mfupi.

"Toka hapo," nikamwambia.

"Baba, unamtoa ng'ombe wa nani?"

"Nimesema toka hapo."

"Ulimtoa mara ya kwanza ukilia, nikanyamaza. Leo unamtoa mara ya pili." Sauti yake ilikuwa ya mama yake kabisa, haipandi wala haishuki. "Mama hakukuachia wewe. Na kuku wa pili amepona."

Shemeji akaanza kumbembeleza, akimwita mwanangu, mwanangu, mchanga nilitia mimi, niache nishuke mimi. Binti akamwambia, "Mama mdogo, wewe huenei kwenye huo mdomo. Shika kamba." Na shemeji, ambaye hajawahi kutii mtu, akashika kamba. Mwenyekiti akashika mbele yake.

Nilikimbia. Magoti yangu yalikwisha kunikataa siku nyingi, na kati yangu na shimo kulikuwa na kundi zima la waungwana wenye mchanga ndani ya ndoo zao, hakuna aliyenipisha. Nilipofika, nywele zake ndizo zilizokuwa zinazama.

Mwenyekiti alikuwa anaachia kamba taratibu, kiganja baada ya kiganja, kama mtu anayeteka maji.

Tukasikia koleo likigusa mchanga. Krr. Tukalisikia tena. Mtaalamu wa kompyuta akapiga makofi kule mlangoni.

Halafu hatukusikia kitu.

Shemeji akaita jina lake. Akaita tena. Akaachia kamba, akapiga magoti, akaingiza kichwa kwenye ule mdomo akilia jina la mtoto wa dada yake, mpaka kinyozi akamvuta kwa nguo naye akapinduka pembeni akikohoa.

"Mvute," nikamwambia Mwenyekiti.

"Anapumzika huyo."

"Mvute juu."

"Mzee, kazi ndiyo kwanza imeanza," akasema. "Aanze kwanza kutoa hata ndoo moja."

Sijui nani aliyenisukuma. Nilikuta tu mikono yangu miwili imelizunguka koo la Mwenyekiti, nene, lenye jasho, na vidole vyangu vinazama. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo tangu msibani. Macho yake yalitoka. Kreti la maziwa likapinduka. Nikakaza, nikakaza tena, na nikamwona akifungua mdomo kutafuta hewa.

Ndipo nilipotazama chini. Shemeji alikuwa amelala ubavu anatapika, wengine wote wamerudi nyuma, na kamba iliyomfunga binti yangu ilikuwa inashikiliwa na mtu mmoja tu, huyo huyo ninayemnyonga, na vidole vyake vilikuwa vinaanza kufunguka.